Kimea Kilichokufa

Walimsifu Mama Rasoa mpaka chai ikanipoa mkononi. Nyumba ya bintiye pale mtaa wa Section 58 ilijaa watu, viti vya kuazima vimepangwa hadi kwenye kibaraza, na kila aliyesimama alikuwa na neno tamu la kusema: alikuwa mlezi, alikuwa mwalimu, hakuna mwanamke wa Nakuru aliyepika busaa, pombe yetu ya nafaka, ya kunyweka ambaye hakupitia mikononi mwake. Kisha Rasoa mwenyewe, ambaye sasa ni nyanya mwenye magoti mabovu, akaninyooshea kidole mbele ya wageni akasema, "Na huyu ni shangazi Selina. Mama alimpokea hana pa kulala, akamfundisha kazi, akamfanya mtoto wake." Watu wakageuka, wakanitabasamia. Nilinyamaza kwa sababu maiti alikuwa bado hajazikwa, na sikuona vizuri kula wali wa watu huku nawaharibia matanga. Lakini mimi sikuwa mtoto wa yule mwanamke. Alichonifundisha alinifundisha jinsi mbwa wa jirani anavyokufundisha kufunga geti. Nimerudi kwangu, nimekaa mezani, na nitausema mwaka ule kama ulivyokuwa, maana walioniona nikifukuzwa karibu wote wamekufa na waliobaki wanasimulia vingine.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni ilikuwa bado haijaondolewa, na Nakuru ulikuwa mji ambao Mwafrika alitakiwa kueleza kila siku anafanya nini pale. Mwanamke asiye na mume alieleza mara mbili. Mimi nilikuwa nimeacha shule mapema, nikaacha na nyumbani, nikawa mtu wa kuhama. Nilichuma pareto Kabazi mpaka nikajua maua yale yanakwenda kufanywa nini, kisha nikachoka. Nilikamua ng'ombe katika shamba moja la mzungu huko Ndabibi, nikakaa vizuri mpaka siku niliyomuuliza msimamizi ni kitu gani hasa kinachogandisha maziwa, akadhani namdhihaki, akanifukuza na ndoo mkononi. Nikaingia Nakuru na kisanduku cha bati. Baa ya manispaa pale lokesheni, mtaa wa Waafrika, ambako peke yake ndiko Mwafrika alikoruhusiwa kunywa pombe yake, ilikuwa inatafuta mwanamke wa kukaanga unga. Aliyefanya kazi pale alipewa na kitanda. Aliyeachishwa kazi alisindikizwa na askari hadi stesheni, akapakiwa kwenye gari moshi la kurudi kwao. Kwetu ni Butere, na Butere kulikuwa na mzee mwenye wake wawili aliyekwisha kupeleka ng'ombe kwetu kwa ajili yangu na alikuwa bado ananingoja. Kwa hiyo mtu anayesoma haya aelewe: sikuipenda ile kazi, sikuupenda ule moshi, lakini kazi ile ndiyo ilikuwa ukuta kati yangu na yule mzee.

Mama Rasoa alikuwa mkuu wa jiko. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono mizuri na mdomo uliokunjwa kama mfuko wa tumbaku. Kabla sijafika alikuwa anakaa peke yake katika chumba cha manispaa, na bintiye alikuwa ameachwa kwa nyanyake huko magharibi. Mimi niliwekwa chumbani mwake bila yeye kuulizwa. Aliporudi jioni akakuta kisanduku changu ukutani, hakusema karibu. Alichukua kipande cha makaa, akachora mstari kwenye sakafu ya saruji kutoka mlangoni hadi dirishani, akauchora tena ili ukolee, akasema, "Upande huu ni Nakuru. Ule ni kwenu." Dirisha lilikuwa Nakuru. Msumari wa kutundikia nguo ulikuwa Nakuru. Kwetu kulikuwa na ukuta uliotoa jasho na harufu ya choo cha jirani. Ukipangusa mstari kwa kufagia, asubuhi unaukuta umechorwa upya, mweusi kuliko jana. Mbele ya kitanda chake alitundika pazia la gunia, na nyuma ya pazia lile alikula ngege wa kukaushwa walioletwa na gari moshi kutoka Kisumu. Nilimsikia akifyonza kichwa cha samaki taratibu, mfupa kwa mfupa, na nina hakika alifyonza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wimbi, yaani ulezi, ililowekwa, ikamwagwa maji, ikafunikwa kwa magunia mabichi mpaka ichipue na vimizizi vyake vyeupe vishikane kama sufi. Hapo ilianikwa kwenye mikeka uani, ikakauka kwa jua, ikasagwa. Hicho ndicho kimea. Upande mwingine unga wa mahindi ulikandwa kwa maji ukaachwa uchachuke, kisha ukaletwa kwangu niukaange juu ya bati kubwa lililowekwa kwenye mawe, nao ukawa chengachenga za rangi ya kahawia. Zilipopoa tulizitia kwenye pipa pamoja na maji, na Mama Rasoa, yeye peke yake, alileta kimea katika karai lililofunikwa kwa kitambaa, akakimimina, akakoroga, akafunika. Pipa lilikaa. Baadaye lilianza kunong'ona, kisha kuchemka bila moto, na ikiisha kuchujwa ilikuwa busaa. Wote waliyaona haya kama jua kuchomoza. Mimi yalininyima raha. Unga ule niliukaanga mwenyewe, niliuonja mara nyingi, na haukuwa na utamu wowote. Kimea ukikilamba kina utamu kidogo tu. Lakini ukionja pipa asubuhi baada ya kutiwa kimea, kabla halijaanza kuchemka, ni tamu kama muwa. Utamu ule ulitoka wapi?

"Mama, kimea kinaongeza nini humo ndani?" nilimuuliza siku moja.

"Kinaongeza pombe."

"Lakini mbona kwanza inakuwa tamu, ndiyo iwe kali?"

Alisimamisha mwiko. "Wewe uliletwa hapa kukaanga au kutahini watu? Mimi nimepika busaa kabla wewe hujaota meno. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali la kijinga kama hilo. Kaanga!"

Wanaume kule mbele walisikia, kwa kuwa ukuta wa jiko ulikuwa wa mabati na haukufika juu. Opiyo, fundi wa karakana ya reli, mtu mkubwa mwenye sauti ya kengele, alipenda kutuchokoza kutoka kwenye benchi lake.

"Dada Selina! Leo umekaanga unga ama umekaanga macho?"

"Nimekaanga vyote. Chagua utakacho."

"Mama Rasoa, huyu mtoto utamweza? Ana mdomo kama filimbi ya gari moshi."

"Filimbi hulia tu," Mama Rasoa akajibu bila kuinua kichwa. "Gari lenyewe ni mimi." Baraza zima likacheka, na mimi nikageuza unga.

Mvua za mwaka ule zilikuja zikakaa. Mlima wa Menengai haukuonekana kwa wingu, vumbi jeupe la ziwani lililozoea kutuingia machoni likawa tope, na ua wa baa ukawa dimbwi. Kimea kilianikwa kikanyeshewa, kikaingizwa ndani, kikatolewa kikanyeshewa tena, mpaka kikaanza kutoa ukungu wa kijani. Mama Rasoa akawa na akiba ndogo ya kimea cha jua, anailinda kama mayai. Siku moja aliniambia kwamba yeye anakwenda sokoni na kwamba kimea cha pipa kubwa nikishughulikie mimi. Sikuambiwa kishughulikiwe vipi. Nilitazama bati langu la kukaangia, moto wake umefifia, bado lina joto la kutosha kukausha nguo. Mtu yeyote aliyekuwa na akili na hana ujuzi angefanya nilivyofanya. Nilikitandaza kimea juu ya bati, nikakigeuza na kukigeuza, nikaongeza kuni mbili, mpaka kikawa kikavu, chepesi, cha rangi ya dhahabu, kinanukia kama njugu. Sikuwahi kuona kimea kizuri kama kile. Nilipoinua macho nilimwona Mama Rasoa amesimama mlangoni na kikapu chake cha soko, maji yanamchuruzika. Sijui alikuwa amesimama muda gani. Alikitazama kimea, akanitazama mimi, kisha akapita kwenda kuanika leso yake.

Pipa lile halikunong'ona. Tulilifungua asubuhi nikaonja, hakuna utamu. Likabaki zito kama uji wa mgonjwa. Siku iliyofuata lilikuwa chachu tupu. Karani wa baa, Bwana Ezekieli, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, aliamuru lichujwe hivyo hivyo liuzwe kwa kuwa wateja walikuwa wamekwisha kujaa. Nilisikia yote nyuma ya mabati.

"Hii ni busaa ama ni maji ya kuoshea miguu?"

"Miguu yangu haiwezi kukubali."

"Omera, ndugu yangu, nimekunywa vikombe vitatu na bado nakumbuka jina la mke wangu!"

Kikombe cha kwanza kilipita juu ya ukuta kikanipata begani. Vilivyofuata sikuvihesabu. Bwana Ezekieli alikuja jikoni akiwa amekunja suruali isilowe pombe iliyomwagika, akauliza nani alitayarisha kimea. Mama Rasoa alinitazama tu, na karani akafuata macho yake. "Manispaa haifugi watu," akasema. "Nikisikia kosa jingine kutoka kwako, la aina yoyote, Jumatatu yake uko kwenye gari moshi. Umeelewa?" Nilielewa. Nilimwona yule mzee wa Butere kama aliyekaa pale juu ya gunia, ameshika fimbo yake.

Chumbani nilimwambia Mama Rasoa, "Uliniona nikikausha."

"Nilikuona."

"Na ulijua."

"Kimea cha moto hakifanyi kazi. Kila mtu anajua."

"Sasa mbona hukusema?"

Alikuwa anavua viatu. Alivipanga sawasawa upande wake wa mstari, kisha akasema polepole, kama mtu anayekupa zawadi, "Si unapenda kujua mambo? Sasa umejua." Akavuta pazia.

Nimekaa na jibu lile zaidi ya miaka arobaini na bado lina ncha. Lakini nitasema jambo moja ambalo waombolezaji wa Section 58 hawakulisema: yeye mwenyewe hakujua. Alijua kwamba moto unaharibu kimea, kama mtu anavyojua kwamba mlango fulani haufunguki. Sababu hakuijua wala hakuitaka, na aliyeitaka alimchukia.

Chakula cha mchana cha wafanyakazi kilipikwa kwa sufuria moja na yeye ndiye aliyekigawa. Tangu siku ile alinipa ugali bila mboga. Wenzangu walipata sukuma au maharagwe. Kwangu mwiko ulipita juu ya sahani kama ndege asiyetaka kutua. Sikumpa raha ya kulalamika. Nilichukua kipande changu nikakaa kwenye ngazi ya nyuma, nikatafuna kidogo kidogo ili kidumu, maana tonge tupu ukilimeza haraka tumbo halijui kwamba umekula. Ndipo siku moja, nikiwa nimetafuna tonge lilelile muda mrefu huku nawaza mabaya ya kumfanyia, nikaona mdomo umejaa utamu. Nilidhani ni njaa. Nikatema, nikasukutua kwa maji, nikaanza tonge jingine. Mwanzoni halina ladha. Tafuna, tafuna, usimeze. Linalainika, linakuwa maji, halafu utamu unakuja, mdogo, wa hakika. Ulikuwa utamu uleule wa pipa la asubuhi. Nilisimama pale kwenye ngazi mdomo umejaa, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze sikumfikiria Mama Rasoa.

Sikuwa na wa kumuuliza ila Bi Zuhura wa mtaa wa Bondeni, ambaye aliuza mahamri kwenye baraza ya nyumba yake na ambaye wazee wake walitoka Tanga. Hakunipenda hata yeye. Alinijua kwa harufu kabla hajaniona.

"Simama hapo hapo! Usiniletee hayo manguo karibu na chakula changu. Unanuka pombe kama pipa lenyewe."

"Bi Zuhura, shikamoo. Nina swali tu. Ugali ukitafunwa sana, mbona unakuwa mtamu?"

"Marahaba. Kwa sababu una njaa. Nunua hamri uniondokee."

"Na kimea je? Kimea kikitiwa kwenye unga mbona nao unakuwa mtamu?"

Aligeuza mahamri kwenye mafuta, akanung'unika, lakini jambo la jikoni likiulizwa kwa heshima humshinda mpishi kunyamaza. "Marehemu mama yangu alikuwa akifanya togwa," akasema hatimaye. "Unapika uji. Unauacha upoe mpaka ukitia kidole unavumilia. Hapo ndipo unatia kimea, unafunika. Uji unakuwa mwepesi, mtamu, na hukutia hata chembe ya sukari. Ukikitia ungali unatokota, umeharibu. Uji utabaki uji mpaka Kiyama. Sisi tunakunywa papo hapo, kabla hakijawa haramu. Nyie mnangoja kioze ndiyo mfurahi." Kisha akanipa hamri moja kwenye karatasi, akanirushia kutoka mbali nisije nikamgusa.

Jumapili asubuhi Mama Rasoa alikwenda kuwaamkia watu wa kwao kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Nilipika uji mzito wa mahindi, nikaupoza mpaka kidole kikavumilia, nikaugawa katika makopo, nikayapanga dirishani, ndani ya Nakuru yake, kwa sababu ndiko kulikokuwa na jua. Katika kopo moja nilitia kimea cha jua, konzi ndogo niliyoichota kwenye akiba yake, na sioni haya kuisema. La pili nilitia kimea cha moto, kile kizuri cha dhahabu nilichobakiza. La tatu nilitema mate, mengi, mpaka ulimi ukakauka, nikakoroga. La nne niliacha uji mtupu. Kisha nikakaa kitako kama mtu anayengoja gari. Kopo la kimea cha jua lilianza kulegea nikiwa naliangalia. Mwiko uliokuwa umesimama ukaegemea, ukalala. Uji wa mate nao ukalegea. Ule wa kimea cha moto ulisimama wima kama uji mtupu, na nilipouonja haukuwa na utamu. Nilicheka peke yangu. Nililionja hata lile la mate, kwa ncha ya kidole. Ni tamu.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma majina ya vitu hivi katika kitabu cha kilimo nilichokiokota nikiwa mpishi wa kambi: kwamba wanga ni mnyororo mrefu wa sukari zilizoshikana mpaka ulimi hauzitambui, kwamba nafaka inapochipua inatengeneza vimeng'enya vya kuukata mnyororo ule ili mche mchanga upate kula, kwamba mate yetu yana vya namna hiyo, kwamba joto kali huviua, na kwamba hamira inayotengeneza kileo haiwezi kuula mnyororo, inataka sukari iliyokwisha kukatwa. Nilisoma nikatikisa kichwa kama mtu anayesomewa barua ya ndugu yake. Pale dirishani sikuwa na majina. Nilikuwa na hili tu: unga una utamu uliofungwa, kuna kitu kinachoufungua, kitu hicho kiko hai kwenye kimea na kiko mdomoni mwangu, na bati langu lilikiua. Nilitabasamu. Nilipogeuka, pazia la gunia lilikuwa linatikisika na mlango uko wazi. Mama Rasoa alikuwa amerudi mapema akanisimamia nyuma. Nilimwona mgongo tu, akitoka tena, bila haraka.

Hakusema kitu wiki nzima. Sasa najua alikuwa anangoja Jumamosi ya mshahara, wakati karakana yote ya reli na vibarua wa kiwanda cha unga wanapojaa baa mchana, na Bwana Ezekieli mwenyewe yuko kaunta. Mapipa yalikuwa mazuri siku hiyo, yamepikwa na yeye tangu mwanzo hadi mwisho. Vikombe vilikuwa vimegawiwa. Akatoka jikoni, akasimama katikati ya mabenchi, mikono imekunjwa kwenye leso, mtu mzima wa heshima.

"Wanangu," akasema, "wekeni vikombe chini. Mimi nina umri wa kumwogopa Mungu. Kabla hamjanywa, mwiteni Selina mmuulize anatema wapi mate yake."

Nikaitwa. Nilitoka na majivu mikononi.

"Jumapili nilimkuta chumbani," akaendelea, na sauti yake haikupanda. "Ameinama juu ya kopo. Anatema. Anakoroga. Anaonja. Na alikuwa anatabasamu. Kama nasema uongo, yuko hapo, anikane."

Hakusema uongo hata mmoja. Hilo ndilo ambalo sijamsamehe. Angesema nilitema kwenye pipa ningeapa kwa mbingu na ardhi. Lakini alisema lililotokea, akaacha wao wamalizie, na wakamalizia mara moja. Mmoja alikimbilia mlangoni akatapika. Wengine walimwaga vikombe miguuni pangu. "Tumekunywa mate ya huyu mwanamke tangu lini?" "Ndiyo maana lile pipa lilikufa!" "Mchawi! Alitujaribia sisi!" Bwana Ezekieli akapiga kaunta kwa rula. "Umetema au hukutema?"

"Nilitema kwenye uji wangu, nyumbani, si kwenye pombe. Nilitaka kuona kama mate yanafanya kazi ya kimea."

Nawaza hadi leo kwamba ningelia tu, pengine ningepona. Badala yake nilieleza. Nilieleza kopo kwa kopo, mbele ya wanaume mia waliokuwa wanapangusa ndimi zao kwa mikono ya mashati. Nilipoona hawanielewi nilichukua ugali uliobaki kwenye sufuria ya wafanyakazi, nikawanyooshea. "Jaribuni wenyewe. Tafuneni, msimeze. Mtaona unakuwa mtamu. Mdomo wa kila mtu unafanya hivyo, si wangu peke yangu."

"Lete hapa," akasema Opiyo. Alilichukua tonge ili awachekeshe wenzake. Akatafuna huku amekodoa macho, akajishika tumbo, akayumba kama aliyelewa, na watu wakaangua kicheko. Nikamwambia, "Endelea." Akaendelea. Kicheko kikapungua. Mashavu yake yakapunguza mwendo. Akasimama, akatazama juu, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Baa ikatulia mpaka ukasikia mvua ikidondoka kwenye mabati. Nilimtazama yule mtu mkubwa na moyo wangu ukasema, sasa. Sasa watajua.

Akatema tonge mkononi mwake, akalitazama.

"Ni tamu," akasema. Halafu uso wake ukabadilika, nikaona hofu ya kweli ikimpanda kutoka shingoni. "Mama yangu! Ni tamu kweli. Huyu ameroga mpaka ugali!"

Sikumbuki vizuri kilichofuata ila mabenchi kuanguka na mkono wa Bwana Ezekieli ukinivuta kwa nyuma kunitoa kupitia jikoni. Hakunivuta kwa huruma. Hakutaka damu kwenye sakafu ya manispaa. "Jumatatu," akasema. "Askari atakuja kukuchukua."

Nikawa nafunga kisanduku changu. Mama Rasoa akaingia, akafunga mlango, akasimama. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akavuka mstari wa makaa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu. Kwa karibu alionekana mchovu, na macho yake hayakuwa na ushindi niliotarajia.

"Mate na kimea," akasema kwa sauti ya chini. "Unasema ni kitu kimoja?"

Niliendelea kukunja nguo.

"Mimi nimemwaga mapipa mengi kwa ajili ya mvua, Selina. Mengi. Na mvua za vuli zinakuja. Pipa likifa kama lile, kuna dawa? Linaweza kufufuka?"

Lilikuwa linaweza. Nilikuwa nimelijaribu hilo pia: konzi moja ya kimea cha jua katika lile kopo lililokufa, na uji wake ukalegea kama wenzake. Konzi chache tu zingeokoa pipa zima, na vikombe visingerushwa, na karani asingeshika kalamu. Alikuwa na akiba nzima siku ile. Nilimtazama, nikaona kwamba anataka kweli kujua, labda kwa mara ya kwanza maishani, na nikaona pia kwamba alilitaka jibu apate kubaki pale mimi nikiwa nimepelekwa kwa yule mzee.

"Wewe ndiye mkuu wa jiko," nikamwambia.

Akainuka, akarudi upande wake. Hatukusemezana tena, siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka anafariki.

Askari aliyenipeleka stesheni alikuwa kijana mwenye viatu vinavyombana. Alinipandisha behewa la daraja la tatu, akasimama jukwaani mpaka magurudumu yalipozunguka, akageuka. Kazi yake iliishia pale, na hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba kati ya Nakuru na Butere kuna stesheni nyingine. Njoro niliipita kwa sababu iko karibu mno. Elburgon nilishuka. Kulikuwa na baridi na ukungu, miti imesimama hadi mlangoni mwa maduka, na viwanda vya mbao vilivyojaa wapasuaji waliokuwa na kiu na hawana baa ya manispaa. Mke wa nyapara wa kiwanda kimoja, mwanamke mnene wa maneno machache, alikuwa ameshindwa kupika busaa pale kwa sababu jua halikuwahi kutosha kukausha kimea. Nikamwambia anipe wimbi, gunia bichi na kinu. Ilipochipua sikuianika. Niliitwanga hivyo hivyo, mbichi, inatoa maziwa, huku yeye ananiangalia kama mwendawazimu anayetwanga majani ya ng'ombe, nikaitia kwenye pipa lililopoa mpaka kidole kikavumilia.

Asubuhi aliinua kifuniko akachovya kidole, akakilamba, akakichovya tena. Hakuniuliza nimetoka wapi. Alikwenda kuniondolea magunia kwenye kibanda cha nyuma ili nipate pa kulala. Nilikaa Elburgon mpaka nilipoichoka mwenyewe, na siku niliyoondoka nilikata tikiti yangu mwenyewe, ya kwenda upande nilioutaka.